Ufunguo wa Ami: Bima na Dhamana kwa Dereva wa Siku Mojamoja



Ndugu msomaji, wengi wetu wanafunzi hatuna magari, lakini tunaendesha. Ami ana gari la mizigo Kisenyi; Jumamosi anakupa ufunguo upeleke magunia ya unga dukani. Jumapili unaliomba mwenyewe, uwapeleke wenzako harusini. Ukigonga, nani atalipa?

Kwanza: sheria ya nchi. Hapa Uganda, sheria ya mwaka 1989 inakataza gari kutumika barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Inamshika anayeendesha, na pia anayemruhusu mwingine kuendesha. Bima hiyo humfidia mtu aliyeumizwa au jamaa wa aliyefariki, tena kwa kiasi chenye ukomo. Haitengenezi gari la ami. Kwa hiyo stika kwenye kioo isikudanganye kuwa umekingwa kwa kila kitu.

Pili: fiqhi. Ufunguo ni mmoja, lakini hukumu ni mbili. Jumamosi ulitumwa kwa haja ya ami, basi wewe ni wakili wake na gari ni amana mkononi mwako; hulipi ila ukizembea au ukivuka mipaka. Jumapili uliliomba kwa haja yako, na hiyo ni ariya, yaani kuazima. Katika madhehebu ya Shafi, aliyeazima ni mdhamini hata kama hakuzembea, isipokuwa uchakavu wa matumizi aliyoruhusiwa. Dalili ni hadithi ya Safwan bin Umayya katika Abu Dawud: Mtume (s.a.w.) alipoazima deraya zake wakati wa Hunayn, alimwambia kuwa ni azima yenye dhamana. Mahanafi wao wanaihesabu ariya kuwa amana.

Tatu: uhai wa mtu. Anayeua kwa kukosea ana diya na kafara, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa, aya ya 92. Diya ya kukosea hubebwa na aqila, yaani jamaa wa kiumeni. Ndugu zetu Wasomali hapa Kisenyi wanaijua kwa jina la mag, na ukoo huichangia. Lakini kafara ni ya aliyeua mwenyewe: asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi 2 mfululizo. Hakuna bima inayokufungia.

Nne: je, tukate bima kubwa, ile inayolipa hata gari lenyewe? Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah, mwaka 1985, liliamua kuwa bima ya biashara ina gharari kubwa na ni haramu, likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Takaful ni ya namna hiyo: wanachama huchangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, na kampuni husimamia kwa ujira. Kenya ina Takaful Insurance of Africa tangu 2011. Ama bima inayolazimishwa na sheria, wanazuoni wengi wameiruhusu kwa sababu ya ulazima huo.

Basi kabla ya kupokea ufunguo, fanya haya:

1. Soma tarehe ya stika, na hakikisha leseni yako ni hai na ni ya aina ya gari hilo.
2. Kama gari lina bima kubwa, muulize ami inamkubali dereva gani. Mara nyingi kuna masharti ya umri na miaka ya leseni, na kijana hubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara.
3. Kama hukubaliwi, uliza kama jina lako linaweza kuongezwa kwa muda mfupi tu. Mwenye kuendesha siku 3 kwa mwezi hana haja ya kulipia mwaka mzima. Anza kuuliza kwenye takaful.
4. Semeni mapema safari ni ya haja ya nani na hasara itabebwa na nani, kisha muandike. Kumwona ami haya leo kunaweza kuvunja udugu kesho.

Tawakkul haiondoi kufunga ngamia. Allah atulinde barabarani na atuwezeshe kutimiza amana. Wallahu a'lam.