Seli Shina na Kupona kwa Ngozi Iliyoungua

Mtu akimwagikiwa na maji ya moto, huenda ngozi yake ikatoka malengelenge, kisha ikapona katika muda wa wiki mbili hivi. Mwingine huungua kwa kina zaidi, na kidonda chake kikakaa miezi bila ya kufunga. Tofauti hiyo hutokana na seli chache zilizofichika ndani ya ngozi, nazo huitwa seli shina.

Muundo wa ngozi

Ngozi ina sehemu mbili kuu. Sehemu ya chini ni nene, yenye mishipa ya damu na neva. Sehemu ya juu ni nyembamba. Seli zake za nje kabisa zimekwisha kufa, nazo hupukutika kila siku. Hapana budi nafasi zao zijazwe. Kazi hiyo hufanywa na seli shina zilizomo katika tabaka la chini kabisa la sehemu ya juu, na pia katika vifuko vya nywele vilivyozama ndani ya ngozi. Seli shina hugawanyika: baadhi ya seli zizaliwazo hubaki kuwa shina, na nyingine hupanda juu, hukomaa na kufa. Safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja.

Namna jeraha linavyopona

Ngozi ikijeruhiwa, damu huganda, na kemikali zitolewazo hapo huziamsha seli shina. Seli mpya hutambaa kutoka kandokando ya jeraha na kutoka katika vifuko vya nywele, mpaka zikutane. Lakini moto ukiteketeza hata vifuko hivyo, ngozi huota kutoka ukingoni tu, polepole na kwa kovu. Ndiyo sababu madaktari huhamisha ngozi nzima kutoka mahali pengine pa mwili.

Ngozi iliyooteshwa

Mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green wa Marekani walieleza njia ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu katika maabara. Mwaka 1983 njia hiyo ilitumiwa kuwatibu watoto wawili walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Vipande vidogo vya ngozi yao vilioteshwa vikatosha kufunika karibu nusu ya miili yao. Hata hivyo, ngozi ya namna hiyo haina nywele wala tezi za jasho.

Funzo

Joto huendelea kupenya hata baada ya moto kuondolewa. Kwa hiyo mahali palipoungua pamwagiliwe mara moja maji baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Barafu, siagi na dawa ya meno visitumiwe. Kila seli shina inayookolewa ni mbegu ya ngozi mpya.

Maswali

1. Kwa nini jeraha la moto lililo la juujuu hupona upesi kuliko lile la kina?
2. Eleza kwa nini mtu mwenye ngozi iliyooteshwa hupata taabu penye joto kali.