Unauza Skeitibodi? Angalia Beringi Zimekaa Upande Gani Kabla Hujafunga Boksi

Leo naongea na sisi tunaouza skeitibodi na viatu vya magurudumu mtandaoni, hasa wale ambao mzigo unafika vipande vipande halafu tunauunga wenyewe nyumbani. Kuna kosa dogo nililifanya karibu mwaka mzima bila kujua.

Lilinitoa jasho kwa mteja mmoja wa Dodoma. Nilimtumia ubao kwa basi, akafurahi, akanirushia na video. Wiki ya tatu akapiga: "Kaka, gurudumu moja halizunguki kabisa, na mengine yanalia kama bawaba ya mlango." Nikaanza kujitetea, nikamwambia labda umepita kwenye maji. Akanitumia picha ya karibu. Nikaangalia, nikanyamaza. Gololi zote zilikuwa zinaonekana kwa nje, zimejaa vumbi na mchanga. Kumbe ni mimi nilizivisha kinyume.

Nikamtumia beringi 8 mpya, nauli ya mzigo juu yangu. Faida ya ubao ule ikaishia hapo. Halafu nikakumbuka kuna wengine niliowauzia hivyohivyo, ikabidi niwapigie mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameshaacha kuutumia wakidhani ubao wenyewe ni feki. Hilo liliniuma kuliko hela.

Sasa twende kwenye kazi. Beringi tunazotumia ni namba 608: tundu milimita 8, upana wa nje milimita 22, unene milimita 7. Kila gurudumu linakula beringi mbili, moja kila upande, kwa hiyo ubao mmoja ni beringi 8. Viatu vya magurudumu manne kila mguu, pea moja ni beringi 16.

Chukua moja uigeuze mkononi. Nyingi zina kifuniko upande mmoja tu, cha chuma au cha mpira wa rangi. Upande wa pili uko wazi, unaona gololi na kile kikombe kinachozishika. Kifuniko kinaangalia nje, barabarani. Upande wa wazi unaingia ndani ya gurudumu, kule ambako beringi mbili zinaangaliana. Kule ndani vumbi halifiki kirahisi. Ukigeuza, umeacha mlango wazi upande wa mchanga. Kama beringi ina vifuniko pande zote mbili, ivishe utakavyo, haina kinyume.

Kilichokuwa kinanichanganya mimi ni hiki: nilikuwa naona gololi zinang'aa, nikadhani ndio upande wa kuonyesha mteja. Kwenye picha kweli zinapendeza!

Kuzivisha, usitumie nyundo. Nilikuwa nagonga katikati, yaani kwenye ringi ya ndani, na pigo lote linapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia yake. Hiyo beringi italia hata ikiwa mpya. Tumia ekseli ya ubao wenyewe. Toa nati na washa, vile vichuma vyembamba vya duara. Weka beringi kwenye ekseli, kifuniko kikiangalia kwenye chuma cha ubao, gololi zikikuangalia wewe. Juu yake weka gurudumu, kandamiza kwa viganja viwili mpaka usikie limekaa. Litoe. Sasa weka beringi ya pili vilevile, kifuniko chini, juu yake kile kibomba kidogo cha kati kama seti yako inacho, kisha geuza gurudumu na ukandamize tena. Ukifuata hivyo huwezi kukosea, maana kila mara unaona gololi kabla ya kukandamiza.

Kile kibomba wengi wanakitupa wakidhani ni takataka ya kwenye paketi. Kazi yake ni kuzifanya beringi mbili zikae sambamba, zisibanwe upande unapokaza nati. Kiweke.

Mwisho rudisha washa moja ndani, gurudumu, washa nyingine nje, halafu nati. Spana namba 13 inakaa. Kaza mpaka gurudumu ligome, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huru na ukilitikisa kwa mkono lina mchezo mdogo sana.

Hapa nina neno kuhusu wateja wanaolizungusha kwa kidole na kuhesabu sekunde. Beringi mpya yenye grisi haizunguki muda mrefu mkononi, lakini mtu akipanda juu inakwenda vizuri. Kuna wauzaji wanaosafisha grisi yote ili izunguke sana kwenye video. Sikushauri, inapendeza siku hiyo halafu inakufa mapema. Na ile namba ya ABEC, 5, 7 au 9, usimwambie mteja ni spidi. Ni kipimo cha usahihi wa utengenezaji, haisemi lolote kuhusu kuruka ngazi na kutua kwa kishindo.

Mteja akirudi na beringi zenye vumbi, usikimbilie kumuuzia nyingine. Kifuniko cha mpira kinatoka kwa ncha ya pini, taratibu. Osha kwa petroli mbali na moto, kausha kabisa, dondoshea tone moja au mawili la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula hapana, yananata na kukusanya uchafu. Ikiwa inakwaruza hata baada ya kuosha, hiyo imekwisha, badilisha.

Siku hizi kabla sijafunga boksi napiga picha magurudumu yote manne kwa karibu, pande zote mbili, namtumia mteja. Dakika mbili tu, na imenipunguzia simu za usiku.

Yule wa Dodoma alirudi kumchukulia mdogo wake ubao. Swali lake la kwanza: "Beringi zinakaa upande gani, kaka?" Nikajua ananipima. Nikamjibu, akacheka, akalipa.