Tusichekane: Hofu ya Kusema Kiingereza na Yale Tuliyofundishwa na Utafiti



Ndugu zangu wanafunzi, leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua wengi wetu hapa chuoni, ila tunaona haya kulitaja: hofu ya kusema Kiingereza mbele ya watu. Mtihani wa sarufi tunafaulu, lakini mhadhiri akiuliza "nani atajibu?" wote tunatazama chini.

Nianze na yaliyonipata. Nikiwa mwaka wa kwanza niliitwa mbele kueleza kilimo cha mpunga katika bonde la Imbo. Mimi nimekulia Gitega, na Kirundi hakitofautishi maneno kwa sauti za r na l. Nilipotaka kusema "rice", yaani mchele, nikatamka "lice", yaani chawa. Kwa hiyo nikawaambia wenzangu kwamba watu wa Imbo wanalima chawa na kuwauza Bujumbura. Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo sikufungua mdomo hadi mwaka ukaisha, nikiamini kuwa sina akili ya lugha.

Sasa niko mwaka wa mwisho, na katika kuandaa kazi yangu ya kumalizia masomo nimesoma tafiti juu ya namna watu wanavyojifunza Kiingereza na lugha nyingine za kigeni. Nimetoka na mafunzo matatu.

1. Hofu si upungufu wa akili

Mwaka 1986 watafiti watatu wa Marekani, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, walitoa dodoso la sentensi 33 la kupima hofu ya mwanafunzi katika darasa la lugha ya kigeni. Walieleza kuwa hofu hii ina sura yake ya pekee. Mtu mzima mwenye fikra pevu analazimika kuzitoa kwa maneno machache kama ya mtoto, na anaogopa watu watamhukumu kwa maneno hayo. Ndiyo maana unaweza kumkuta ndugu ni hodari katika hesabu au sheria, lakini kwenye Kiingereza anatetemeka.

2. Kusikia peke yake hakutoshi

Huko Kanada, Merrill Swain alichunguza watoto wa darasa la sita waliosomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka mingi ilhali lugha ya nyumbani ni Kiingereza. Walikuwa wakielewa Kifaransa vizuri sana, lakini katika kusema na kuandika walikuwa bado nyuma ya wenye lugha. Mwaka 1985 akaeleza kuwa mwanafunzi anahitaji pia kulazimika kutoa lugha mwenyewe, maana anapotafuta neno na kulikosa ndipo anapojua pengo lake liko wapi.

Sisi wengi tulijifunza Kiingereza kwa kunakili ubaoni. Anayenyamaza kwa hofu anajinyima hata kile kidogo kilichobaki.

3. Tusahihishane kama tunavyosahihishwa na ustadhi

Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wa madarasa huko Kanada. Waliona kuwa mara nyingi mwalimu akisikia kosa hulirudia neno kwa usahihi na kuendelea, na mara nyingi mwanafunzi hasahihishi chochote. Lakini mwalimu aliposita, au akauliza, au akampa fununu, mwanafunzi alirekebisha kosa mwenyewe mara nyingi zaidi.

Niliposoma hayo nilikumbuka chuo cha Qur'ani. Ukimsomea ustadhi ukakosea, hakupi neno mara moja. Anagonga meza, au anasema "rudi", nawe unarudi nyuma hadi ulipate. Ukishindwa kabisa ndipo anakufungulia. Na wenzako hawacheki, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake inakuja.

Hapa sina budi kukiri. Mwaka jana katika darsa letu ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza alisimama kutoa tangazo kwa Kiingereza, akakosea, nami nikawa wa kwanza kucheka. Mimi wa chawa! Hakuja tena. Nimemwendea na kumwomba radhi, akanisamehe, ila mpaka leo kwenye darsa hajarudi.

Tufanye nini?

Liko zoezi linaloitwa 4/3/2, ambalo Paul Nation wa New Zealand alilichunguza mwaka 1989. Chagua mada unayoijua. Mweleze mwenzako kwa dakika 4, yeye asikilize bila kukukatiza. Kisha mweleze mwingine mambo yale yale kwa dakika 3, halafu wa tatu kwa dakika 2. Kwa kurudia, ulimi unakuwa mwepesi na kusitasita kunapungua. Halihitaji kitabu wala umeme. Kaka wakae na kaka, dada na dada, nusu saa baada ya Alasiri inatosha.

Na sharti liwe moja: hakuna kucheka. Mwenzako akikosea, mwache amalize, kisha muulize "umesema nini hapo?" Mpe nafasi ajirekebishe kabla hujampa jibu.

Ndugu zangu, mwaka 2007 nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2014 Kiingereza kikawa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kazi na masomo ya mbele yatatudai lugha hii. Wala kujifunza lugha ya wengine si jambo geni kwetu: imepokewa kwamba Zaid bin Thabit (r.a.) alijifunza maandishi ya Mayahudi kwa amri ya Mtume (s.a.w.), ili aweze kumsomea na kumwandikia barua.

Na wewe ndugu wa mwaka wa kwanza, ukiisoma makala hii, kiti chako kwenye darsa kipo. Nitakuwa wa kwanza kukusikiliza, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.