Mwendo wa Diski za Aina Mbalimbali katika Kompyuta Moja

Ichukuliwe kuwa ofisi moja ya Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, inataka kunakili kumbukumbu za gigabaiti 200 kutoka diski kuukuu, ya aina inayozunguka, kabla haijafa. Diski mpya, isiyo na sehemu inayozunguka, huweza kupokea megabaiti 500 kwa sekunde. Ile kuukuu hutoa 100 tu. Mwendo wa kazi hufuata diski iliyo ya polepole, kama malori ya pamba yafuatavyo lori bovu katika njia nyembamba. Kazi itachukua dakika 33 hivi, wala hakuna programu iwezayo kuipunguza.

Ila njia yenyewe yaweza kuizidisha. Diski hiyo hiyo ikipitia USB ya toleo la 2, ambayo kwa kawaida haivuki megabaiti 40, dakika zitapita 80. Na umeme huenda usingoje. Katika kompyuta za kale, zilizotangulia waya za SATA za mwaka 2003, diski mbili za waya mmoja bapa hupokezana zamu. Kila moja ipewe waya wake. Tena kazi zinakiliwe moja moja, kwani kichwa kisomacho cha diski inayozunguka hupoteza muda mwingi kikirukaruka kati ya mafaili mawili.