Jinsi Ninavyorekodi Kumbukumbu za Mji: Kutoka Usagara, Tanga

Historia ya Tanga tunaifahamu kwa mambo makubwa: reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, vita vya Novemba 1914, mkonge na bandari. Muziki wetu nao umebaki kwenye santuri na kanda: taarabu ya Black Star na Lucky Star, sauti ya Bi Shakila, magitaa ya Atomic Jazz. Lakini vikombe vya muuza kahawa vikigongana, mwito wa muuza samaki, vishindo vya uani alfajiri, hivyo vimo masikioni mwa wazee tu, na kila msiba mtaani unaondoka na sehemu yake. Kwa hiyo narekodi. Nawe unaweza, hata kama huna zaidi ya simu.

Uliza kuhusu sauti

Ukimwambia mzee akusimulie historia ya Tanga, atakupa ile ya vitabuni: Wajerumani, Waingereza na nyuki waliowavuruga askari mwaka 1914. Mimi huuliza hivi: “Asubuhi mlikuwa mkiamshwa na nini?” “Mlijuaje kuwa saa ya kazi imefika?” “Coastal Union wakicheza na African Sports, kelele za uwanja wa Mkwakwani zilifika hapa?” Kisha naomba: “Hebu niigizie.”

Hapo ndipo hazina ilipo. Bibi mmoja wa Makorora aliniigizia mwito wa muuza samaki wa utotoni mwake. Alipomaliza tu, vingine vikafuata vyenyewe: nyumba alikosimama yule muuzaji, aina ya samaki, na mama yake akibishana bei mlangoni. Nisingeyapata hayo kwa kuuliza tarehe.

Adabu kwanza, simu baadaye

Toa shikamoo, kaa, kunywa chai, sikiliza habari za nyumbani. Simu ibaki mfukoni mpaka mwenyeji ajue unataka nini na kwa nini. Ukianza, rekodi ridhaa yake kwa sauti yake mwenyewe: jina analotaka litumike, na kama anakubali isikike barazani, redioni au mtandaoni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwapo, sauti ya mtu ni amana. Akitaja ugomvi wa majirani, mimi hukata sehemu hiyo.

Kurekodi

Weka simu katika hali ya ndege ili isiite. Chagua faili la WAV kama programu yako inaruhusu. Laza simu juu ya kanga iliyokunjwa, shibiri moja au mbili kutoka mdomoni kwa msemaji, maana meza hubeba kila kishindo. Zima feni. Msimu wa kusi usirekodi kwenye baraza linalotazama upepo. Ukilazimika, funika maikrofoni kwa kitambaa chepesi. Mwishoni rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya, itakusaidia kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Rekodi na mji wenyewe. Simama mahali pamoja alfajiri, adhuhuri na jioni: stesheni ya reli, sokoni Mgandini, kona ya Ngamiani kengele za baiskeli zinapopishana. Epuka kunasa mazungumzo ya watu wasiojua kwamba unarekodi.

Kuunganisha

Natumia Audacity, programu ya bure ya kompyuta. Msimulizi anakaa mstari mmoja, mtaa mstari wa pili kwa sauti ya chini. Usikate vituo vyake vya kufikiri, wala maneno ya Kidigo au Kibondei yanayomtoka. Siweki muziki chini ya simulizi: unamwamulia msikilizaji ahuzunike wapi, na nyimbo za watu zina haki zao.

Ukishaunganisha, linabaki swali la msikilizaji. Msanii wa sauti kutoka Nairobi, KMRU, alitoa mwaka 2022 kazi iitwayo *Temporary Stored*, akitumia rekodi za Kiafrika zilizomo kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kazi hiyo ilinifanya nijiulize: sauti za bibi zetu zitasikilizwa na nani, na wapi?

Zirudishe mtaani

Mwaka 1999 msanii Janet Cardiff alitengeneza matembezi ya sauti mjini London: msikilizaji anavaa hedifoni na kuongozwa mitaani na sauti ya msimulizi. Nimelifuata wazo hilo kwa namna ya kwetu. Nachukua spika ndogo, nakaa barazani karibu na mahali panaposimuliwa, nacheza simulizi fupi. Mara majirani wanaanza: “Hapana, duka lile lilikuwa upande wa pili!” Omba ridhaa, urekodi na mabishano hayo. Usiamue nani mkweli. Weka kumbukumbu zote mbili, kwa sababu wote wawili waliishi katika mji huu.

Mwisho, ipe kila faili jina lenye tarehe, mtaa na mada. Weka nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na ya tatu kwa familia ya msimulizi. Hiyo ya familia usiicheleweshe. Wao ndio wenye sauti, na mjukuu aliyeko mbali na Tanga ana haki ya kumsikia bibi yake kabla ya msikilizaji mwingine yeyote.