Mpira wa Vikapu na Pesa za Kikundi

Somo letu safari hii linahusu mpira, lakini tafadhali msilipitie haraka mkidhani ni la vijana peke yao. Ni somo la pesa za kikundi, na la shamba la mzazi.

Lilianzia hapa hapa Mtwapa. Tulikuwa tumeketi na kikundi kimoja chini ya mwembe, siku ya kuchanga. Hesabu ilipokwisha, mama mmoja aliinuka akaomba mkopo wa shilingi 150,000. Watu walishtuka. Mkopo mkubwa kabisa uliowahi kutoka pale ulikuwa shilingi 40,000, wa cherehani na vitambaa. Mama akaeleza kwamba mwanawe wa miaka 17 ni mrefu, anacheza mpira wa vikapu vizuri, na kuna ajenti kutoka mjini aliyemwona. Ajenti huyo ati ana nafasi ya shule Marekani, na baada ya shule ni kuingia moja kwa moja kwenye timu za kulipwa. Pesa zinatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kama mkopo hautoshi, mama yuko tayari kuuza kipande cha shamba chenye minazi.

Kikundi kiligawanyika. Wengine wakasema, "Mtoto wa mwenzetu ni wetu sote, tumsaidie." Wengine wakasema, "Huo ni wizi mtupu." Mwenyekiti akatugeukia sisi: "Nyinyi mnaosoma magazeti, hebu tuambieni. Haya mambo yapo kweli, au ni hadithi?"

Jibu letu lilikuwa: yapo kweli. Na kwa sababu yapo kweli, ndiyo maana mdanganyifu hupata pa kushika. Basi tuyatazame yote mawili, ukweli na mtego.

1. UKWELI WENYEWE

Ligi kubwa ya kulipwa ya mpira wa vikapu duniani ni NBA ya Marekani. Ina timu 30, na moja kati ya hizo iko Kanada. Zamani ilikuwa karibu ya Wamarekani watupu. Wageni walianza kuingia mmoja mmoja. Mwaka 1984 timu ya Houston ilimchagua Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos, Nigeria, akiwa wa kwanza kabisa katika orodha ya mwaka ule. Mwaka 1985 akaja Manute Bol, Mdinka kutoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, aliyekuwa na urefu wa mita 2.31. Mwaka 1991 akaja Dikembe Mutombo wa Kinshasa.

Mwaka 1989 shirikisho la dunia, FIBA, liliondoa kizuizi kilichowazuia wachezaji wa NBA kucheza mashindano ya mataifa. Kwa hiyo, katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, Marekani ilipeleka mabingwa wake wa NBA. Waliifunga Angola pointi 116 kwa 48. Ungedhani watoto wa nchi nyingine wangekata tamaa. Kumbe ilikuwa kinyume! Watoto wa Ulaya, Afrika na Asia waliona kwenye televisheni na kusema, "Nami nitajaribu."

Matokeo yake tunayaona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni katika NBA walikuwa 20 na kidogo tu. Msimu ulipoanza mwaka 2023 walikuwa 125, kutoka nchi 40. Tena, tuzo ya mchezaji bora wa ligi kila mwaka kuanzia 2019 hadi 2025 ilikwenda kwa mtu aliyezaliwa nje ya Marekani. Mmoja wao ni Giannis Antetokounmpo, mtoto wa wazazi Wanigeria waliohamia Ugiriki. Utotoni yeye na ndugu zake walitembeza bidhaa barabarani mjini Athens ili nyumbani kupatikane chakula. Nani katika sisi hajui maisha hayo?

2. NA WATU WA KWETU JE?

Wapo. Wa karibu zaidi ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Alianza mpira wa vikapu akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wengine tayari wamecheza miaka kumi. Akaenda Marekani, akamaliza shule ya upili Houston, kisha akacheza miaka 3 Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 timu ya Memphis ilimchagua akiwa wa pili katika orodha nzima, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Stephen Curry, ambaye leo dunia nzima inamjua, siku ile alichaguliwa wa saba.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo maajenti hawaisimulii. Thabeet alikuwa na urefu wa mita 2.21, lakini mchezo wa pale ulihitaji zaidi ya urefu. Mwaka wake wa kwanza haujaisha, alishushwa kwenye ligi ndogo ya mafunzo. Alihama timu hadi timu, na kufikia 2014 alikuwa ametoka NBA. Wastani wake ulikuwa pointi 2 na kidogo kwa kila mchezo. Hakuacha kazi; baadaye alicheza Japani na Taiwan. Hatusemi haya kumcheka. Alifika pale ambapo wengi hawafiki. Tunasema kwamba kuchaguliwa ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake.

Wengine wametoka mashariki ya Kongo, kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Bismack Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi. Alitoka kwao akiwa kijana mdogo, akacheza Yemen, kisha Uhispania, na mwaka 2011 akachaguliwa wa saba. Jonathan Kuminga ni wa Goma. Yeye alichaguliwa wa saba mwaka 2021, na mwaka uliofuata timu yake ya Golden State ikawa bingwa.

Mutombo tumemtaja. Alikwenda Marekani mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Mpira ulikuja baadaye. Alicheza misimu 18, na pesa zake nyingi akazirudisha nyumbani. Huko Kinshasa alijenga hospitali ya vitanda 300, ikapewa jina la mama yake. Mutombo alifariki Septemba 2024. Udaktari hakuupata, lakini wagonjwa wanatibiwa.

Halafu kuna Luol Deng wa Sudan Kusini. Familia yake ilikimbilia Misri, na huko Manute Bol yule yule aliwafundisha yeye na kaka zake kucheza. Deng alifika NBA mwaka 2004. Alipostaafu aliongoza shirikisho la nchi yake, akitoa pesa mfukoni mwake kuisaidia timu ya taifa. Julai 2024, mjini London, timu hiyo ya nchi changa iliyojaa watoto wa wakimbizi ilifungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Siku chache baadaye ikashinda mchezo wake wa kwanza wa Olimpiki. Mmoja wa wachezaji wake, Nuni Omot, alizaliwa hapa Kenya katika kambi ya wakimbizi.

Na Kenya yenyewe? Februari 2021, kule Yaoundé, timu yetu ya wanaume iliifunga Angola 74 kwa 73, Tylor Ongwae akitupia mpira sekunde za mwisho kabisa. Kwa ushindi ule tulirudi kwenye mashindano ya Afrika baada ya kukosekana tangu 1993. Ongwae hakuwa NBA. Alikuwa akilipwa kucheza Denmark. Maana yake ni kwamba kuna kazi za mpira kwingineko pia, zisizo na kelele nyingi.

3. SASA TUPIGE HESABU

Timu 30, kila moja na wachezaji 15 wa mkataba kamili, ni watu 450. Ongeza wachache wa mkataba wa muda. Kila mwaka huchaguliwa wapya takriban 60 tu, kutoka dunia nzima. Uwanja wa mpira wa miguu hapa Mtwapa ukijaa siku ya fainali, watu waliopo wanaweza kuzidi wachezaji wote wa NBA.

Hatusemi kijana asiote ndoto. Tunasema mzazi asiuze shamba kwa tumaini la mtoto kuwa mmoja wa hao 60 wa dunia nzima.

4. NJIA YA HAKI INAVYOPITA

Someni sehemu hii polepole, na katibu aiandike katika daftari la kikundi.

Kwanza, ajenti wa haki hulipwa baada ya mchezaji kulipwa. Katika NBA, ajenti hawezi kuchukua zaidi ya asilimia 4 ya mshahara wa mchezaji. Kijana asiye na mkataba hana mshahara, basi asilimia hiyo inatoka wapi? Anayetaka pesa mbele kwa ajili ya "kumuuza" mtoto wako anakula kwako, hali kwenye timu.

Pili, ajenti wa mpira wa vikapu wa kimataifa ana leseni ya FIBA. Mwombe akuonyeshe. Wa haki hakasiriki akiulizwa.

Tatu, mchezaji wa chini ya miaka 18 haruhusiwi na FIBA kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu maalum zinazochunguzwa. Na NBA haimchukui mtu kabla ya mwaka anaotimiza miaka 19. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 anayeahidiwa "timu" mwezi ujao anadanganywa.

Nne, ufadhili wa masomo hutolewa na shule yenyewe, kwa barua yenye jina la shule na anwani yake. Shule ya Marekani inayompokea mwanafunzi wa kigeni humpa fomu iitwayo I-20, na bila fomu hiyo hapati viza ya masomo. Andikeni wenyewe kwa shule hiyo muulize kama kijana anajulikana. Msitumie namba ya simu aliyowapa ajenti. Tafuteni ya shule.

Tano, vyuo vinatazama cheti. Kijana aliyeacha shule ili afanye mazoezi amejifungia mlango kwa mkono wake.

Sita, mtu anayedai kushika pasipoti ya mtoto "kwa usalama" msimwachie. Wako vijana wa Afrika waliopelekwa ng'ambo kwa jina la mpira, wakafika wakakuta hakuna shule wala timu, na nauli ya kurudi hawana. Kusafirisha watu kwa udanganyifu ni kosa la jinai kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2010. Pelekeni habari kwa chifu na polisi.

5. KIKUNDI KIFANYE NINI BASI?

Kusema "hapana" peke yake si maendeleo. Kijana akishakatazwa, apewe na pa kuchezea.

Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15. Lakini siku hizi kuna mchezo wa watu watatu kwa watatu, wenye kikapu kimoja tu, ambao uliingia Olimpiki mwaka 2021 kule Tokyo. Huo unahitaji mita 15 kwa 11. Shule nyingi za kijiji zina nafasi hiyo. Pondeni na kushindilia murram vizuri ili mpira udunde. Fundi wa kuchomelea atatengeneza nguzo ya bomba na duara la chuma la upana wa sentimita 45, likae mita 3.05 kutoka ardhini. Kwa watoto wadogo, mita 2.60 zinatosha. Wasichana wapangiwe siku zao na saa zao, wasibaki kuwa watazamaji. Mombasa hapo, timu za KPA, yaani Mamlaka ya Bandari, za wanaume na za wanawake zinacheza ligi kuu ya Kenya. Ni karibu kuliko Marekani, na kijana anaweza kwenda kuwatazama kwa nauli ya matatu.

6. ILIVYOKUWA MWISHO

Siku ile kikundi hakikukataa, wala hakikutoa. Mwenyekiti alisema, "Mama, pesa zipo. Mwambie huyo bwana aje hapa Jumamosi na jina la shule, barua, na leseni. Tukiziona, tutajadili." Ajenti alipopigiwa alisema kikundi kinamchelewesha na nafasi itakwenda kwa mwingine. Jumamosi hakuja. Jumamosi ya pili simu haikushikwa.

Hatukupata shukrani. Mama alikaa mikutano miwili bila kusema na mtu, na kijana alisema wazee wamemvunjia maisha. Ilituuma, na tulijiuliza: je, kama ilikuwa kweli? Lakini shule ya kweli haitoroki kwa kuulizwa jina lake.

Minazi bado ipo. Kijana yuko kidato cha nne, na jioni anawafundisha wadogo kudunda mpira. Mama amerudi kuchanga. Mwezi uliopita aliomba mkopo tena, wa karo. Ulipita bila mjadala.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kikundi chetu kina sheria iliyoandikwa kuhusu mkopo mkubwa wa haraka? Nani anachunguza kabla pesa hazijatoka?
2. Ni mambo gani ajenti alitumia ili mama asipate nafasi ya kufikiri? Je, mmeyaona hayo katika kazi za Uarabuni pia?
3. Thabeet, Mutombo na Deng walifika wote. Kila mmoja anatufundisha nini tofauti?
4. Tumwambieje kijana ukweli bila kumvunja moyo?
5. Katika kijiji chetu, kiwanja cha mita 15 kwa 11 kinaweza kupatikana wapi? Nani atakwenda kumwona mwalimu mkuu, na lini?

Swali la mwisho msiliache bila jina la mtu na tarehe.