Picha Chini ya Nyayo: Usomaji wa Michoro ya Mbao za Skeitibodi

Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alipoitaja mada yake kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake katika semina ya uhakiki, swali lililomkabili halikuhusu nadharia wala data. Aliulizwa: "Hayo nayo yanatuhusu nini sisi watu wa fasihi?" Swali hilo ni halali na hatukusudii kulikwepa. Tunalokusudia ni kuonyesha kwamba picha zinazochapwa chini ya skeitibodi hupotoshwa zinapotazamwa kama picha za ukutani, ilhali kwa maumbile yake zimo katika ujirani wa sanaa za utendaji, zile ambazo mwanafunzi wa fasihi simulizi amezizoea tangu mwaka wake wa kwanza.

Tuanze na istilahi. Skeitibodi ni chombo kizima: ubao, ekseli mbili na magurudumu manne. Ile sehemu ya mbao peke yake tutaiita ubao, na anayeipanda tutamwita mtelezaji. Wapo watakaopenda kuuita ubao huo sitaha kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, lakini sitaha ni ya meli, na Mswahili akilisikia neno hilo atageuka kutazama baharini.

Mahali pa picha

Ubao wa kisasa aghalabu huundwa kwa matabaka saba membamba ya mti wa mepo, yakiunganishwa kwa gundi na kushinikizwa pamoja. Upande wa juu hubandikwa karatasi nyeusi inayokwaruza kama msasa, ili kiatu kishike. Picha basi haina pa kukaa ila chini. Hili laweza kuonekana jambo dogo la kiufundi, lakini ndilo linaloamua mengine yote. Mtelezaji haioni picha yake akiwa kazini. Huonwa na waliosimama kando, tena kwa mpepeso wa jicho, ubao unapopinduka hewani. Msomaji wetu hatakosa kuikumbuka kanga, ambayo jina lake husomwa na aliye nyuma ya mvaaji.

Sanaa hii ilikomaa California. Katika miaka ya 1970, kwenye mitaa ya Santa Monica na Venice iliyopewa lakabu ya Dogtown, Wes Humpston alikuwa akichora kwa mkono wake mbao za rafiki zake. Mwaka wa 1976 yeye na Jim Muir walianzisha Dogtown Skates, na michoro ya aina hiyo ikaingia sokoni. Kampuni ya Powell Peralta ilifuata mwaka wa 1978, na mchoraji wake, Vernon Courtlandt Johnson, ndiye aliyeujaza muongo uliofuata mafuvu, mifupa, panga na majoka. Ubao uliitwa kwa jina la mtelezaji bingwa, naye alilipwa kwa kila ubao uliouzwa. Mchoraji hakutajwa kwa nadra tu. Wanunuzi wengi hawakujua kwamba yupo. Tukiulizwa nani mtunzi wa matini hii, jibu si jepesi, kama lisivyo jepesi kwa ngano wala kwa methali.

Kwa upande wa usimulizi, mfano unaotuvutia zaidi ni wa Jim Phillips, mchoraji wa kampuni ya Santa Cruz, ambaye pia ndiye aliyechora ule mkono wa buluu wenye kinywa kinachopiga mayowe, mwaka wa 1985. Katika mfululizo wa mbao alizomchorea Rob Roskopp, Phillips alianza na duara za shabaha zinazopasuliwa na kiumbe cha kutisha kilichokuwa nyuma yake. Kila toleo jipya lilipotoka, kiumbe kilikuwa kimejitokeza zaidi, na shabaha imezidi kuvunjika. Hadithi moja ilisimuliwa kwa miaka kadhaa, ubao baada ya ubao. Fanani stadi hukata masimulizi pale yalipokolea ili hadhira irudi kesho; Phillips aliikata yake pale ambapo ubao wa zamani ulikuwa umekwisha kulika na mwenyewe ana haja ya mwingine. Kwamba mbinu hiyo iliifaa biashara hakuipunguzii usanii wake.

Miaka ya 1990 ilileta mabadiliko ya fani na maudhui kwa pamoja. Mbao pana za awali zilizokuwa na mkia mmoja zilipisha mbao nyembamba zenye ncha mbili zinazofanana, na vile vipande vya plastiki vilivyokuwa vikipigiliwa chini kuikinga picha vikaachwa. World Industries, kampuni iliyoasisiwa na Steve Rocco mwaka wa 1987, ilimtumia Marc McKee kuchora kejeli: nembo za biashara zilipotoshwa, katuni za watoto zikatiwa uovu, na picha zikabadilishwa haraka mno. Baadhi ya kazi hizo ni tashtiti ya hali ya juu. Nyingine ni matusi tu, hasa kwa wanawake, na mhakiki asijifiche nyuma ya neno "uasi" kuzitetea.

Mkwaruzo kama sehemu ya matini

Mtelezaji anapouburura ubao juu ya bomba la ngazi au ukingo wa saruji, wino hulika. Akipitisha sehemu iliyo kati ya ekseli, tumbo la picha hufutika kwanza. Akipendelea ncha, kichwa na miguu ya picha ndivyo vitakavyotangulia. Mbao mbili zilizochapwa siku moja kwa wino mmoja haziwezi kufanana baada ya mwezi. Mwenye jicho lililozoea ataugeuza ubao na kukwambia mwenyewe ni mtelezaji wa namna gani, anathubutu nini na anaogopa nini. Hapo ndipo tunapodai kwamba picha iliyotoka kiwandani ni matini isiyotendwa bado. Hata uchapaji una sauti yake hapa: wino uliopitishwa kwenye wavu hukaa juu ya mbao na kulika taratibu, ilhali utando wa plastiki unaobanwa kwa joto, ulioenea baadaye kwa sababu ya urahisi wake, huchunika vipande vipande.

Sean Cliver, mchoraji aliyewahi kufanya kazi Powell Peralta na World Industries, alichapisha historia ya sanaa hii mwaka wa 2004 na kuiita Disposable, yaani kitu cha kutumia na kutupa. Lakini kitabu hicho ndicho kinachoikwaza hoja yetu. Kisingewezekana bila mbao zilizohifadhiwa, zile ambazo hazikupata kukanyagwa. Tunakiri deni hilo. Ni deni lile lile alilo nalo mtafiti wa fasihi simulizi kwa kinasasauti na daftari: ngano anayoichambua mezani imekwisha kutengwa na moto, usiku na vicheko vya wasikilizaji, na bila kutengwa huko asingekuwa na cha kuchambua. Kosa si kuhifadhi. Kosa ni kukidhania kilichohifadhiwa kuwa ndicho kizima.

Mnamo Januari 2019 mnada wa Sotheby's uliuza mbao 248 za kampuni ya Supreme ya New York kwa dola 800,000 za Marekani, zikiwamo zenye kazi za Damien Hirst na Takashi Murakami. Zilioneshwa zikiwa zimepangwa ukutani. Mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kuuchunguza upande wa pili wa sanaa hii ana pa kuanzia karibu zaidi, katika uwanja wa skeitibodi wa Shangilia, Kangemi, uliofunguliwa mwaka wa 2013. Aende na daftari, asimame kando ya ukingo wa saruji, na wakipumzika awaombe wenye mbao wazigeuze.